Mume Aliyekwenda Kyoto

Mlioniandikia wiki nzima mkiuliza kama Joan alikuwa anatania kuhusu ile picha, jibu langu ni moja. Hakuwa anatania.

Turudi basi jikoni kwake, mtaa wa Phillips, hapa Minnesota, Jumamosi baada ya adhuhuri. Rafiki yake Swafiya alikuwa amempa simu atazame picha za mumewe, Abdulswamad, aliyekuwa Japani siku ya tisa sasa, katika mji wa kale wa Kyoto, alikopelekwa na kampuni yake kwa mafunzo ya majuma mawili. Joan alipitisha kidole. Hekalu la dhahabu juu ya maji. Malango mekundu yamefuatana kupanda mlima, moja nyuma ya jingine, hata huoni mwisho. Kisha taa ya mawe ukingoni mwa kidimbwi, kofia yake pana kama uyoga.

Hapo kidole kikasimama.

"Hii si Kyoto," Joan akasema. "Hapa ndipo nilipopigiwa picha za harusi. Hii iko Saint Paul."

Swafiya alicheka. Joan hakucheka. Alikwenda sebuleni, akarudi na picha yake ya harusi ndani ya fremu, akailaza mezani kando ya simu. Taa ile ile, tawi lile lile la msonobari limeinama upande wa kushoto. Tofauti ilikuwa shela ya bibi harusi.

Kutoka pale walipokaa, Saint Paul ni dakika ishirini kwa gari.

Swafiya alikuwa mtu wa Mombasa, mtoto wa Kuze, na kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa yake alijihesabu miongoni mwa wanawake wenye bahati. Yeye alishona na kuuza madira. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo ya hospitali. Walikaa Hopkins, ghorofa ya pili, nyumba ya zamani lakini safi. Siku tisa hizi alikuwa ameishi na picha zile kana kwamba wanasafiri wote wawili. Kila asubuhi kulikuwa na picha na sauti ya Abdulswamad ikieleza: leo nimevua viatu hekaluni nikatembea juu ya mbao baridi; leo nimeona mahali watu wanaponawa kabla ya kuomba, mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha kinywa. Swafiya alimjibu kwamba hilo haliko mbali na udhu, ila waanze na mkono wa kulia. Mamake mdogo alipouliza Mwislamu anatafuta nini katika nyumba za masanamu, Swafiya ndiye aliyemtetea: anakwenda kutazama, kama watu waendavyo kutazama magofu ya Gede.

Na sasa hili.

"Labda kuna taa mbili zilizofanana," alisema.

"Labda," Joan akajibu. Alikuwa anavaa viatu vya kazini. Joan ni muuguzi, na shifti yake ilikuwa inaanza saa tisa. Mlangoni alimshika rafiki yake bega, akamwambia maneno ambayo Swafiya hakuyaelewa wakati ule. "Nenda leo. Usingoje kesho."

Akaenda. Njiani alimpigia mumewe mara mbili, simu ikaita mpaka ikakoma. Kule bustanini Saint Paul mambo hayakuwa bora. Ilikuwa Jumamosi ya jua, na ungedhani mji mzima umehamia pale na vigari vya watoto. Alizunguka kutafuta mahali pa kuegesha gari mara tatu. Alipopata, mwenye gari kubwa akamwahi. Alipoegesha hatimaye, ilikuwa mbali hata viatu vilimchubua kisigino. Ndani akapotea kwenye jumba la vioo, akajikuta katikati ya migomba. Migomba, Saint Paul. Mtu ameikimbia Mombasa miaka yote hii aje apotee migombani Amerika.

Akaulizia, akaelekezwa, akatokea upande wa pili.

Bustani yenyewe ilikuwa ndogo. Mtu angeizunguka kwa dakika kumi. Kijito, daraja la mawe, misonobari iliyokatwa ikatulia kama wazee kwenye baraza. Na taa. Swafiya aliisogelea, akaishika kwa kiganja. Ilikuwa ya moto kwa jua. Aliinua simu, akailinganisha na picha, na hapo tumaini lake la mwisho likaanguka majini.

Alikuja kumfumania mtu na mtu hayupo. Angefanya nini? Angeliuliza jiwe?

Nyuma yake mama mmoja wa Kijapani, mtu mzima, amevaa aproni ya kijani ya wale wanaojitolea pale, alikuwa anawaeleza wageni kwa nini changarawe huchanwa kwa reki. Wageni walipoondoka, Swafiya alimwonyesha picha ya Abdulswamad. Alisema ni mumewe, hakusema zaidi.

Uso wa yule mama ukachanua. Alisema anamjua sana, hajapata msikilizaji kama huyo. Juma lililopita alikuja kila siku, yeye na mwenzake. Mwenzake hajiwezi, huketi kwenye kiti cha magurudumu, huwa pale kivulini amefunikwa shali. Yule bwana huuliza maswali mpaka jua linashuka.

Swafiya alisikia neno moja tu. Mwenzake.

Mama yule aliendelea. Yeye mwenyewe amezaliwa Kyoto, akakulia nyuma ya hekalu, na hakuna kitu kinachompa raha kama kuulizwa habari za kwao. Alimweleza bwana yule habari za ukoga wa kijani unaoota ardhini, unaotunzwa kama zulia la kifalme, za karatasi za bahati ambazo mtu akipata mbaya huifunga kwenye kamba ya hekalu aiache huko huko. Alimweleza bustani ya mawe: mawe kumi na matano juu ya changarawe nyeupe, lakini keti popote upendapo, utaona kumi na manne. Moja daima linakukimbia. Mwishowe alimwazima albamu yake ya picha.

"Aliniambia anataka kumpeleka mkewe," alisema. "Nimefurahi kukuona. Basi mtakwenda lini?"

Swafiya alimwomba radhi. Alikwenda kando, chini ya msonobari, akapiga simu tena. Ilikuwa saa kumi alasiri. Kyoto, kama kweli mtu yuko Kyoto, ilikuwa alfajiri ya Jumapili.

Safari hii Abdulswamad alishika. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu anayejifanya ameamka sasa hivi.

Swafiya alimwuliza amelalaje. Akamwuliza jana alizuru wapi. Abdulswamad akasema jana alikwenda bustani ya mawe, akaeleza jinsi kulivyokuwa kimya, na watu wamekaa barazani bila kusemezana.

"Uliona mawe mangapi?"

"Kumi na manne," akasema bila kusita. "Yako kumi na matano, Swafi, lakini keti popote upendapo, moja daima linakukimbia."

Neno kwa neno. Swafiya aliegemea mti. Lau angebabaika, lau angekosea hesabu, ingekuwa nafuu. Lakini huyu alikuwa ameusoma uongo wake kama mtoto anavyosoma juzuu, akauhifadhi.

Kabla hajasema kitu, nyuma ya sauti ya mumewe ikasikika sauti ya mwanamke, karibu sana, inacheka, inauliza jambo.

"Nani huyo?"

"Wageni wa hoteli. Kuta za huku ni karatasi." Halafu akasema mtandao unakatika, na kweli ukakatika.

Swafiya alirudi kwa yule mama wa Kijapani. Aliuliza kama bwana aliacha anwani. Mama akasita, akasema si desturi yake kutoa habari za mtu kwa mtu. Swafiya akamwonyesha picha ya harusi yao kwenye simu, akamwonyesha leseni yake ya udereva yenye jina lile lile la ukoo. Mama alitazama kimoja, akatazama kingine. Kilichomshinda mwisho ni hofu yake mwenyewe: tangu Jumanne hawajatokea, na albamu ile ina picha pekee aliyo nayo ya babake. Alitoa karatasi mfukoni mwa aproni.

"Ukimpata, niletee albamu yangu," alisema.

Anwani ilikuwa Champlin.

Sasa ninyi mnaokaa huku mnajua njia ya kutoka Saint Paul kwenda Champlin ilivyo wakati wa kiangazi. Tuna misimu miwili hapa, wa theluji na wa kutengeneza barabara. Mapipa ya rangi ya chungwa yalianza kabla hajashika njia kuu, njia tatu zikawa moja, magari yakajipanga kama samaki sokoni wasio na wa kuwanunua. Simu ikamwelekeza atoke, akatoka, huko nako kumefungwa. Ikamrudisha alikotoka. Swafiya alipiga usukani kwa kiganja mpaka honi ikalia yenyewe, na bwana wa mbele akamgeukia kwa mshangao.

Katika kusimama huko alimpigia Joan, aliyekuwa kwenye mapumziko ya chai. Alimwambia yote, mwenzake, kiti cha magurudumu, sauti ya mwanamke. Akamwuliza kama alijua.

Joan alisikika akifunga mlango.

"Swafiya, kuna mambo ya job yangu nimekula kiapo siwezi kuyasema, hata kwa mamangu. Wakinisikia, leseni imeenda." Akashusha sauti. "Lakini taa ya mawe si mgonjwa. Hiyo ninaruhusiwa kuitambua."

"Kwa hiyo unamjua. Unamtibu. Ni mkewe?"

"Endesha gari pole pole," Joan akasema, akakata.

Hasira ya Swafiya sasa ilikuwa na watu wawili wa kugawana. Mume anadanganya, rafiki anajua, na yeye peke yake ndiye hajui kinachoendelea katika nyumba yake mwenyewe. Alifikiri mambo yote ambayo mwanamke hufikiri katika foleni. Mke wa pili, tena mgonjwa, tena anapelekwa bustanini kila siku na kufunikwa shali. Yeye alipelekwa bustani gani tangu aolewe? Alipanga maneno yake. Aliyapanga, akayapangua, akayapanga upya, na alipovuka mto kuingia Champlin, saa kumi na moja imeshapita, yalikuwa makali kama wembe.

Nyumba ilikuwa fleti ya chini, karibu na maji. Mlangoni palikuwa na viatu vya kike, vyekundu.

Akagonga. Mwanamke akafungua. Mrefu, kijana, kilemba cha kitenge, amejifunga taulo kiunoni.

"Wewe ndiye uliyenichukulia mume wangu," Swafiya akasema. Katika maneno yote makali aliyoyapanga, haya hayakuwamo.

Mwanamke alimtazama juu mpaka chini, bila ugomvi. Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo. "Mama, umekosea. Miye naitwa Reine. Niko hapa kwa kuangalia mugonjwa tu, nalipwa na agence ya watunza wagonjwa. Bwana yako iko ndani, anapika."

Na kweli harufu ya vitunguu ilikuwa inatoka. Swafiya alimpita Reine, akaingia. Abdulswamad alikuwa jikoni, mwiko mkononi. Alipomwona mkewe aliuweka mwiko chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa na polisi aweke silaha.

Kwenye meza ilikuwapo albamu, wazi, ukurasa wa hekalu la dhahabu.

Kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, shali mabegani, alikuwapo mwanamume. Amekonda, ngozi imekuwa ya majivu, kofia yake ya viua, ya kushonwa kwa mkono, imemlegea kichwani. Swafiya alimtazama muda kabla ya kumjua.

Alikuwa Fahim. Kakake, wa tumbo moja, ambaye hajamsemesha kwa miaka sita.

Wapenzi wasomaji, niwaeleze miaka sita hiyo ilitoka wapi. Mama yao alifariki Mombasa alfajiri ya Alhamisi. Swafiya alipanda ndege ya kwanza, akamwacha mumewe Amerika, akamwomba kakake kwa simu, kwa machozi, wamngoje auone uso wa mamake. Angetua Mombasa Ijumaa alasiri. Fahim akaahidi. Swafiya alipofika nyumbani na begi mkononi, alikuta wanaume wanarudi kutoka makaburini, mchanga bado uko viatuni. Alikuwa amekosa kwa saa mbili tu. Alimwambia kakake mbele ya watu kwamba kuanzia siku ile hana kaka, na alilitimiza neno lake. Alimfungia simu. Barua zake alizichana kabla ya kuzifungua.

"Amekuja lini Amerika?" alimwuliza mumewe. Fahim mwenyewe hakumsemesha.

Abdulswamad alijibu pole pole. Fahim aliipata viza ya bahati nasibu miaka mitatu nyuma, akachagua Minnesota kwa sababu dadake yuko hapa, akakaa Champlin, na hakupata kuthubutu kubisha hodi Hopkins. Mwaka jana figo zikaanza kukata tamaa. Sasa damu yake husafishwa kwa mashine mara tatu kwa juma. Swafiya akaelewa Joan anamwuguza nani kwenye mashine hizo, na kiapo chake ni cha nini.

Abdulswamad aliendelea kusema amesimama. Safari ya Kyoto ilikuwa ya kweli. Kampuni ilimchagua yeye, akaikataa, akaenda mwenzake aitwaye Duncan. Yeye alizichukua siku zile kwa jambo jingine. Alikusudia amtolee Fahim figo moja, afanyiwe upasuaji, alale hapa mpaka jeraha lifunge, arudi nyumbani.

"Na kovu?" Swafiya akauliza. "Kovu ungesema umelipata Kyoto?"

"Sikuwa nimefika huko kwenye kufikiri."

Ilikuwa kweli kabisa, na ndiyo maana ilimkera zaidi. Mtu amejifunza idadi ya mawe ya hekalu, hajafikiria kovu la tumboni mwake.

"Jumatano madaktari walinikataa," Abdulswamad akasema. "Kipimo cha mwisho. Moja ya figo zangu ina kasoro, haifai kutolewa. Wakasema aliyebaki wa kuulizwa ni ndugu yake wa damu. Nilitaka kukuuliza, nikakosa pa kuanzia. Basi nikaendelea kuwa Kyoto."

Reine alizima jiko, akatoka barazani, akauvuta mlango nyuma yake.

Swafiya alihisi jambo ambalo ni gumu kulieleza. Alikuja na wembe wake kumkata mke mwenza, na mke mwenza hayupo. Kulikuwa na mgonjwa, na mgonjwa huyu hawezi kukatwa, wala hawezi kukumbatiwa. Hata hasira yake walikuwa wamemnyang'anya. Na badala yake wanamwomba kiungo cha mwili wake.

"Nyote mmekaa mkapanga," alisema. "Mimi ndiye wa mwisho kujua, na mimi ndiye wa kukatwa."

"Hapana."

Fahim ndiye aliyesema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa sauti ya nyumbani, na Swafiya alijikuta amegeuka kabla hajajizuia.

"Sikukuomba, Swafi, na sitakuomba. Nilimkataza asikuulize. Lakini kwa kuwa umekuja kwa miguu yako, kuna jambo utalijua kwanza. Sitaki unipe, wala uninyime, kabla hujalijua."

Abdulswamad akasema, "Fahim, tafadhali."

"Miaka sita nimenyamaza nisikuvunjie nyumba," Fahim akaendelea, macho hayamwachi dadake. "Ijumaa ile nilikuwa nakungoja. Wazee walishanikubalia mpaka Magharibi. Mama alikuwa ameoshwa, amekafiniwa, uso tumeuacha wazi kwa ajili yako. Baada ya Sala ya Ijumaa simu ikaniita. Nikaambiwa umekosa ndege Amsterdam, hutafika mpaka Jumapili, tuzike. Nikazika."

"Sikukosa ndege yoyote."

"Nilijua uliposhuka teksi pale mlangoni."

"Nani alikupigia?"

Fahim alimtupia jicho Abdulswamad, kisha akainamisha kichwa.

Swafiya aligeuka. Alimwita mumewe kwa jina lake lote, Abdulswamad, kama anavyoitwa mtu mbele ya kadhi. Akamwuliza kama yalikuwa makosa. Labda alisikia vibaya. Labda shirika la ndege lilimpa habari potofu. Alikuwa anamtafutia njia ya kutokea, na alijua anamtafutia, na moyoni alikuwa anaomba asiikatae.

Abdulswamad aliikataa.

"Hayakuwa makosa," akasema. "Nilijua uko angani. Nilijua saa ya kutua."

"Kwa nini?"

Abdulswamad alijifuta mikono. Alimtazama Fahim, na Fahim, kwa mara ya kwanza, akaonekana naye hajui jibu.

"Kwa sababu nilipata habari kwamba kuna mtu amekuja matangani asubuhi ile, akakaa na wanawake ndani, akasema anakungoja wewe. Mimi nilijua ni nani. Nilitaka maziko yaishe aondoke kabla hujaingia."

Swafiya alivuta kiti cha meza ya jikoni, akaisogeza albamu kando, akaketi.

"Nani?" akasema.

Jibu lake, wapenzi wasomaji, ni la wiki ijayo.